Kuongeza Ustahimilivu wa Plastiki Zinazooza kwa Kuchanganya Polima: Kuanzia Kukausha Punje hadi Kusoma Mvunjiko

Asidi ya polilaktiki, plastiki inayooza ambayo wengi huiita PLA tu, haina upungufu wa nguvu. Huhimili mvuto wa megapaskali 50 hadi 70, na moduli yake, yaani kipimo cha ugumu, hufika gigapaskali 3 na zaidi. Kasoro yake ni kuvunjika ghafla: ikirefuka asilimia 3 hadi 6 imekwisha, na ikiwa na mkato mdogo hupasuka kwa nishati ya kilojuli 2 au 3 tu kwa mita ya mraba. Dawa inayotumika sana ni kuichanganya na polima nyingine (kitu cha molekuli ndefu kama minyororo) iliyo laini na ambayo nayo huoza.

Wengi hupotea njia hapo mwanzoni. Huongeza polima laini, huvuta kipande kwenye mashine ya mvuto, huona kimerefuka mara thelathini zaidi ya awali, na kazi wakaiona imekamilika. Bidhaa ikianguka sakafuni inapasuka vilevile. Kurefuka polepole ni jambo moja, kustahimili pigo la ghafla penye mkato ni jingine, na la pili halipatikani kwa kurundika polima laini. Linategemea ukubwa wa matone ya polima hiyo ndani ya PLA na jinsi yanavyoshikamana nayo. Hatua zote zinazofuata, hata ile ya kukausha ambayo watu huirukaruka, zinalenga mambo hayo mawili.

Mfano tutakaoufuata ni PLA asilimia 80 na polibutileni adipati tereftalati (PBAT) asilimia 20. Nyuzi joto zote ni za Selsiasi.

Kinachotokea plastiki inapopigwa

PLA na PBAT haziyeyukiani. Zikichanganywa zikiwa moto, PBAT hukatikakatika kuwa matone yaliyotapakaa ndani ya PLA. Pigo likija, matone hayo laini hukusanya mkazo pembeni mwake. Yakiwa madogo na yameshikamana vizuri, hufunguka vitundu ndani yake au kandokando, na kuta nyembamba za PLA zilizo kati ya tone na tone hupata nafasi ya kunyooka na kuteleza badala ya kupasuka. Nishati ya pigo humezwa na kunyooka huko. Ndiyo maana kipande kilichostahimili huwa cheupe sehemu iliyopigwa: weupe ule ni vitundu vingi vidogo vinavyotawanya mwanga.

Mwaka 1985 Souheng Wu alionyesha, kwa nailoni 66 iliyochanganywa na mpira, kwamba kinachoamua ni unene wa ukuta ulio kati ya matone. Ukuta ukiwa chini ya mikromita 0.3 hivi, nailoni hustahimili. Ukizidi hapo, hupasuka. Kila polima ina kikomo chake, kwa hiyo usiichukue 0.3 kama sheria ya PLA. Fomula yenyewe lakini inafaa sana kupangia kazi:

unene = kipenyo cha tone × [(π ÷ 6φ)^⅓ − 1]

Hapa φ ni sehemu ya ujazo ya polima laini. Kwa asilimia 20, mabano yanatoa 0.38. Tone la mikromita 1 linaacha ukuta wa mikromita 0.38, tone la mikromita 0.5 linaacha 0.19. Kwa asilimia 10, mabano yanatoa 0.74, na kwa asilimia 30 yanatoa 0.20. Ukiyatazama hesabu hayo utaona kwamba kupunguza kipenyo cha tone kwa nusu, bila kugusa mapishi, kunakupa ukuta ule ule ambao ungeupata kwa kupandisha polima laini kutoka asilimia 20 hadi 30. Tofauti ni kwamba hiyo asilimia 10 ya ziada inakula ugumu wa plastiki, na kupunguza tone hakuli kitu.

Msongamano wa PLA ni gramu 1.24 kwa sentimita ya ujazo na wa PBAT ni kama 1.26, hivyo kwa jozi hii asilimia ya uzito unaweza kuichukua kuwa ya ujazo bila kukosea kwa maana.

Kuchagua polima ya kuchanganya na PLA

Angalia kwanza joto la mpito wa kioo, yaani joto ambalo chini yake polima hugeuka ngumu kama kioo na rahisi kuvunjika. Polima ya kuongezea lazima iwe laini hata kwenye baridi. PBAT ina takriban nyuzi −30, huyeyuka kati ya 110 na 120, na hurefuka zaidi ya asilimia 500. Polibutileni suksinati (PBS) ina mpito karibu na −32 na huyeyuka kwenye 114 hivi. Ni ngumu zaidi ya PBAT, kwa hiyo inalinda moduli lakini huongeza ustahimilivu kwa kiasi kidogo. Polikaprolaktoni (PCL) ina mpito wa −60, ndiyo laini zaidi kwenye baridi, ila huyeyuka kwenye nyuzi 60 tu. Bidhaa itakayokaa juani au kwenye gari lililofungwa isiwe na PCL nyingi. Mpira asilia nao unafaa, na asilimia 10 hutosha kuonyesha tofauti, lakini matone yake hubaki makubwa kwa sababu mpira hauna vikundi vya kuungana na PLA na mnato wake uko juu mno. Ukitaka kuutumia, chukua ulioepoksishwa, yaani uliotiwa vikundi vya epoksi vya kuungana na PLA.

Zipo kopolima za ethileni zenye glisidili metakrilati ambazo huongeza ustahimilivu wa PLA kwa kiwango ambacho PBAT haikifikii. Haziozi. Kuweka asilimia 20 ya kitu hicho halafu ukaandika kwenye bidhaa kwamba inaoza ni kumdanganya mnunuzi.

Vilainishi kama esta za sitrati au polietileni glikoli ni habari nyingine. Hivyo huingia ndani ya PLA yenyewe na kushusha mpito wake wa kioo, hivyo plastiki inalegea nzima nzima, na baada ya miezi kilainishi huanza kutoka juu ya uso na kunata. Vinafaa kwa filamu, si kwa kikombe au kasha.

Kigezo cha pili ni mnato. Tone hukatika vizuri pale mnato wa polima laini unapokuwa sawa na wa PLA au chini yake kidogo, kwenye joto na kasi ya kuchanganyia. Ukizidi wa PLA zaidi ya mara nne hivi, tone linazunguka tu ndani ya mtiririko bila kukatika, hata uongeze kasi ya skrubu. Kama huna reomita, yaani kipima mnato, linganisha kiwango cha mtiririko kwa nyuzi 190 na uzito wa kilo 2.16, na uchague daraja la PBAT lenye mtiririko unaokaribiana na wa PLA yako au ulio juu yake kidogo.

Vipimo vya mchanganyiko

Kwa kilo 5:

- PLA ya kudungia kwenye kalibu, kilo 4.00
- PBAT, kilo 1.00
- kirefushi cha minyororo chenye epoksi nyingi (aina ya stireni-akriliki, kama Joncryl ADR 4368), gramu 25, yaani asilimia 0.5

Hicho cha mwisho ndicho kinachobeba kazi. Molekuli moja ina vikundi kadhaa vya epoksi, na kila kikundi hushika mwisho wa mnyororo wa PLA au wa PBAT. Molekuli iliyoshika PLA kwa upande mmoja na PBAT kwa mwingine hukaa mpakani na kuzifunga pamoja. Matokeo yake ni mawili kwa mpigo: matone hushikamana na PLA, na hayakutani tena kuungana kuwa makubwa.

Kwa nini 0.5 na si 2? Kirefushi cha aina hii kina mol 1 ya epoksi katika kila gramu 285 hivi. Gramu 5 kwa kilo moja ya plastiki ni mol 0.0175 za epoksi. PLA yenye wastani wa uzito wa molekuli wa 100,000 ina mol 0.01 tu za minyororo katika kilo, na kila mnyororo una ncha moja ya asidi ambayo epoksi huipenda zaidi. Tayari epoksi zimezidi. Ukipita asilimia 1, minyororo inaanza kufungana ovyo kuwa wavu, na utaona vinundu visivyoyeyuka kwenye filamu na mashine ikilalamika. Anza na 0.3, 0.5 na 0.8, ulinganishe.

Njia mbadala ni peroksaidi ya dikumili, asilimia 0.1 hadi 0.2. Hufaa zaidi kwa PLA na PBS au PCL. Ni nafuu lakini haina subira: kwenye nyuzi 175 nusu yake huwa imevunjika ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo isiposambaa mapema itaunganisha sehemu moja na kuacha nyingine. Ihifadhi mbali na joto, na usiichanganye na chochote kikavu kwa kusagia.

Kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. PLA na PBAT zote ni poliesta, na kila molekuli ya maji ikikutana na kiungo cha esta kwenye nyuzi 190 inaweza kukikata. Chukua PLA ya uzito wa molekuli wa 100,000 yenye maji sehemu 1,000 kwa milioni, kiasi ambacho punje zilizoachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu hukifikia bila shida. Hiyo ni gramu 1 ya maji kwa kilo, sawa na mol 0.056. Maji yote yakifanya kazi, minyororo huongezeka kutoka mol 0.010 hadi 0.066, na wastani wa uzito unaporomoka hadi 15,000. Plastiki ya namna hiyo inavunjika kwa vidole. Kwa sehemu 250, ambazo watengenezaji wengi wa PLA huziweka kama kikomo, hesabu hiyo hiyo inatoa 42,000. Kwa sehemu 50 inatoa 78,000. Kiuhalisia sehemu ya maji hutoroka kama mvuke kabla haijakata kitu, lakini mwelekeo ni huo, na hakuna kirefushi kitakachorudisha kilichopotea chote.

Kausha PLA iliyoganda fuwele (punje zake ni nyeupe, hazipitishi mwanga) kwa nyuzi 80, saa 4 hadi 6, kwenye kikaushio cha hewa iliyokaushwa yenye nukta ya umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda) ya −40. PLA ya amofasi, yaani isiyo na fuwele, ile yenye punje angavu, usiipandishe juu ya nyuzi 45 hadi 50, la sivyo punje zitagandana kuwa bonge moja. Ipe usiku mzima. PBAT kausha kwa nyuzi 60 hadi 65 kwa saa 4 hadi 6. Zikaushe kwenye vyombo tofauti, kwa sababu nyuzi 80 zinaweza kunatisha PBAT.

Oveni ya kawaida inayozungusha hewa ya chumba haitoshi mahali penye unyevu: hewa inayoingia inakuja na maji yake. Ukikosa kikaushio, tumia oveni ya ombwe, nyuzi 60 usiku kucha. Ukitoa, tia kwenye mifuko ya alumini na uifunge kwa joto papo hapo. Punje kavu zikikaa wazi nusu saa zinaanza kuvuta maji tena. Pima kwa Karl Fischer, kipimo cha kemikali kinachosoma maji, kabla ya kuanza. Mizani ya unyevu inayopasha sampuli moto na kupima uzito uliopungua haina makini ya kutosha kwa viwango hivi, na mara nyingine husoma mvuke wa laktidi (molekuli ndogo itokayo PLA inapovunjika kwa joto) kama maji.

Kuyeyusha na kuchanganya

*Kwa ekstruda (mashine inayoyeyusha na kusukuma plastiki) ya skrubu mbili zinazozunguka upande mmoja.* Urefu wa skrubu uwe angalau mara 40 ya kipenyo. Ukanda wa kulisha uweke nyuzi 150, kisha 165, 180, 185, 190, 190, na tundu la kutolea 185. Kasi mizunguko 200 kwa dakika. Kwenye mashine ya milimita 20, lisha kilo 3 hadi 5 kwa saa. Kinachohesabika ni joto la plastiki yenyewe, nalo hupita la ukuta kwa sababu ya msuguano. Lipime kwa kipimajoto cha sindano pale linapotokea, lisizidi 205.

Unga wa kirefushi una tabia ya kuteleza na kutulia chini ya hopa, chombo cha kulishia mashine, hivyo kilo ya kwanza inatoka na kingi na ya mwisho haina kitu. Saga gramu 200 za PLA kavu kuwa unga, changanya nao kirefushi, kisha tumia kilishio cha pili. Kama kilishio ni kimoja, changanya kwa mafungu madogo ya kilo 1 na usijaze hopa.

Vipande vya kukandia kwenye skrubu viwe na seti mbili. Ya kwanza baada ya kuyeyuka ikate matone, ya pili iwe mbele zaidi iyasawazishe, kisha tundu la ombwe. Ombwe lisikosekane: linaondoa maji yaliyobaki na mvuke wa laktidi. Likitangulia seti ya kwanza, kazi yake inapungua sana.

Muda wa kukaa ndani ni suala la kupima, si la kukisia. Dondosha punje moja ya rangi na uhesabu hadi rangi itokee na hadi iishe. Epoksi inahitaji dakika moja hadi mbili kwenye joto hili ili imalize. Rangi ikitokea baada ya sekunde 40, sehemu ya epoksi inaondoka haijafanya kazi, na itaendelea kufanya kazi ndani ya mashine ya kudungia. Hapo ndipo unaona mnato ukipanda kila baada ya vipande vichache na shinikizo likikataa kutulia. Punguza kasi ya kulisha, au ongeza nyuzi 5 kwenye kanda za kati.

Kamba zipitishe kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 30, kisha upepo wa kukausha, ndipo zikatwe. Kamba ikikatika kabla ya kufika kwenye kikata punje, au ikionyesha mapovu, rudi kwenye kukausha. Usianze kuhangaika na mipangilio ya joto.

*Kwa kichanganyio cha ndani cha maabara.* Chemba ya sentimita 60 za ujazo ijaze asilimia 70, yaani kama gramu 45: PLA gramu 36, PBAT gramu 9, kirefushi gramu 0.225. Joto 185, mizunguko 60 kwa dakika. Weka PLA, dakika ya pili ongeza PBAT, ya tatu kirefushi, na usimamishe kwenye ya nane. Tazama mchoro wa nguvu ya mzunguko. Kirefushi kikiingia, mstari hupanda kisha hutulia: safi. Ukishuka mfululizo bila kutulia, minyororo inakatika kuliko inavyounganishwa. Ukipanda bila kukoma, umezidisha epoksi.

Ukimaliza, usiache PLA ndani ya mashine ikiwa moto. Isukume nje kwa polietileni ya msongamano mdogo hadi itoke safi, ndipo uzime. Na feni ya kuvuta hewa iwe inafanya kazi muda wote. Mvuke wa laktidi unawasha macho na koo.

Kudunga kwenye kalibu

Kausha punje za mchanganyiko upya, nyuzi 60 kwa saa 6 hadi 8, maana zimepita majini. Silinda 175 hadi 195, kalibu 25 hadi 30, kupoa sekunde 30 hadi 40. Kasi ya kudunga iwe ya wastani. Ukidunga kwa pupa, matone ya PBAT yaliyo karibu na uso huvutwa kuwa nyuzi na tabaka bapa, na ngozi ya kipande inaweza kubanduka kwa ukucha.

Kalibu ya nyuzi 50 hadi 65 iepuke: hapo PLA iko karibu na mpito wake wa kioo, haijawa ngumu wala haijaganda fuwele, na kipande hupinda kikitolewa. Ukihitaji bidhaa ya kuhimili vinywaji vya moto, ruka moja kwa moja hadi kalibu ya nyuzi 95 hadi 110, weka kianzisha fuwele kama talki laini asilimia 1 hadi 2, na uongeze muda wa kupoa hadi dakika moja au zaidi. PLA iliyoganda fuwele ikiwa na matone mazuri ndani yake mara nyingi hustahimili pigo kuliko ya amofasi yenye mapishi yale yale. Lakini mizunguko ya uzalishaji inarefuka, na hiyo ni hesabu ya kiwanda.

Kupima

Weka kipimo cha mgongano mbele ya vyote. Fuata kiwango cha kimataifa ISO 179-1 cha Charpy, ambapo kipande hupigwa na nyundo ya kubembea: vipande vya milimita 80 × 10 × 4, mkato wa aina A wenye ncha ya nusu kipenyo cha milimita 0.25, ukiacha milimita 8 chini ya mkato. Mkato uchongwe kwa mashine baada ya kudunga. Ukitengenezwa na kalibu yenyewe unakuwa na ngozi laini na matokeo yanatoka mazuri kuliko ukweli. Kisu kikiwa butu nacho kinadanganya, safari hii kwa kuipasha PLA moto na kuiziba ncha ya mkato; kague mkato chini ya hadubini ya kawaida kila baada ya vipande kumi.

Pima vipande 10. Andika namna kila kimoja kilivyovunjika: kimekatika kabisa, kimebaki kama bawaba, kimevunjika nusu, au hakikuvunjika. Usichanganye makundi hayo kwenye wastani mmoja, kwa sababu kipande kisichovunjika hakijakupa nishati ya kuvunjika.

Kisha mvuto kwa ISO 527, vipande 5, milimita 1 kwa dakika kwa moduli na 50 kwa kurefuka. Kwa PBAT asilimia 20 tarajia moduli ishuke kwa kadiri ya robo, na nguvu nayo ishuke. Anayedai kapata ustahimilivu bila kupoteza ugumu wowote, mwulize amepima lini.

Swali la lini lina uzito kwa sababu PLA ya amofasi huzeeka ikiwa rafuni. Kwenye nyuzi 23, chini ya mpito wake wa kioo, minyororo hujipanga taratibu na plastiki inazidi kuwa rahisi kuvunjika siku hadi siku ingawa haijaguswa. Kipande kilichopimwa saa mbili baada ya kudungwa kinaweza kurefuka vizuri, na mwenzake wa kalibu ile ile akapimwa wiki mbili baadaye akakatika. Weka sheria moja: vyote vikae nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, vipimwe vikiwa na umri ule ule, kisha rudia kipimo cha mgongano baada ya siku 30. Namba ya siku ya 30 ndiyo atakayokutana nayo mtumiaji.

Kwa kipimo cha joto cha kalorimita, pasha kwa nyuzi 10 kwa dakika, poza, upashe tena. Mpito wa PLA ukibaki karibu na 60, polima hazijayeyukiana, kama ilivyotarajiwa. Ukishuka nyuzi 10 ilhali hukuweka kilainishi, kuna minyororo mifupi mingi: imekatwa na maji au na joto. Angalia mtego: PBAT huyeyuka karibu na 115 hadi 120, na PLA ya amofasi hujigandisha fuwele kwenye eneo hilo hilo wakati wa kupashwa, hivyo kilele kimoja humezwa na kingine. PCL nayo inayeyuka pale pale kwenye mpito wa PLA. Katika hali hizo usisome kiasi cha fuwele kwenye mpasho wa kwanza kwa macho tu.

Hadubini ya elektroni ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu matone. Zamisha kipande kwenye nitrojeni kimiminika dakika kadhaa, kivunje kikiwa bado kimeganda, kipake dhahabu. Ukiona mashimo ya mviringo yenye kuta safi na matone yaliyochomoka mazima, hakuna mshikamano. Mpaka ukiwa umefifia, matone yamekatika pamoja na PLA na ni vigumu kuona yanapoishia, kirefushi kimefanya kazi. Pima matone angalau 200, tumia wastani wao kwenye fomula ya Wu, na ulinganishe na namba za Charpy. Ukifanya hivyo kwa mapishi matatu au manne utaupata mwenyewe unene wa ukuta ambao PLA yako inaanza kustahimili.

Mambo yanapokwenda kombo

Kurefuka kumepanda, mgongano haukusogea. Ndilo lalamiko linalosikika zaidi. Matone yako yanaachia PLA kwa urahisi: kwenye mvuto wa polepole kuachia huko kunasaidia, kwenye pigo la ghafla ufa unapita kabla PLA haijapata nafasi ya kunyooka. Ongeza kirefushi kwa hatua za asilimia 0.2, hakikisha muda wa kukaa, kisha rudi kwenye hadubini.

Mtiririko wa mchanganyiko umezidi wa PLA na wa PBAT zote mbili. Minyororo imekatika. Sababu ya kwanza ni maji, ya pili ni joto la plastiki kupita 210, ya tatu ni kusimamisha mashine katikati ya kazi.

Vinundu na uso wenye chunuchunu. Epoksi imezidi, au unga umeingia kwa mabonge. Pima mtiririko wa punje za mwanzo, kati na mwisho wa fungu; ukitofautiana sana, tatizo ni ulishaji, si kiasi.

Umeongeza PBAT hadi asilimia 40 na ugumu umeanguka ghafla. Unakaribia eneo ambapo PBAT inaacha kuwa matone na kuwa mtandao unaoendelea. Kwa filamu hiyo inaweza kuwa sawa, na filamu nyingi za mifuko zina PBAT nyingi kuliko PLA. Kwa kitu kinachotakiwa kusimama wima, rudi kati ya 15 na 25.

Rangi ya njano hadi kahawia. Joto kali au punje zilizokwama mahali mashine haijisafishi. Fungua tundu la kutolea ulikague.

Mabaki ya kalibu unaweza kuyasaga na kuyarudisha, yasizidi asilimia 10 hadi 15, yakiwa yamekaushwa kama malighafi mpya. Kila mzunguko unakata minyororo tena.

Je, itaendelea kuoza?

PLA inahitaji mboji ya kiwanda yenye joto la nyuzi 58 hivi. Kwenye shimo la taka la nyumbani au baharini hukaa muda mrefu. PBAT haibadilishi hilo kwa kiasi cha kuonekana. EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza kwenye mboji, inataka asilimia 90 ya kaboni igeuke dioksidi ya kaboni ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 za mboji kisibaki zaidi ya asilimia 10 ya uzito kwenye chujio la milimita 2. Viambato vya kikaboni vilivyo chini ya asilimia 1 kila kimoja, na visivyozidi asilimia 5 kwa jumla, haviulizwi kimoja kimoja kama vinaoza. Kirefushi chako cha 0.5 kinapita hapo. Kile cha asilimia 20 cha kopolima ya ethileni hakipiti.

Kibali hutolewa kwa unene uliojaribiwa. Mchanganyiko uliofaulu ukiwa na unene wa milimita 0.5 hauruhusiwi kuuzwa kama kijiko cha milimita 2 hadi kijiko chenyewe kiwekwe kwenye mboji kipimwe upya.